Maji Hupanda Mshumaa Ukizima

Jumatatu, 28 Aprili

Muhula wangu wa mwisho umefunguliwa kwa mvua. Mwezi wa saba nitatimiza miaka sitini, na serikali haina maneno mengi kwa mtu wa umri huo: asante, rudi nyumbani. Nimefundisha sayansi katika shule hii ya Kinoo tangu 1988. Nimeamua kuandika muhula wote, nisije nikafika nyumbani Makueni nikaanza kuwadanganya wajukuu kwamba nilikuwa mwalimu mpole.

Gredi ya Sita watasoma sauti, mwanga na joto, kwa mpangilio huo. Wako arobaini na tisa. Nimeshika majina ya wale wakorofi tu.

Jumanne, 6 Mei

Sauti. Nilianza kueleza kwamba sauti ni mtetemo, mvua ikaangukia mabati, hakuna aliyenisikia. Nikaandika ubaoni: SIKILIZENI MABATI. Tukakaa robo saa nzima mikono ikiwa juu ya madawati, tukihisi mbao zikitetemeka. Zamani mvua ikitushinda hivi tulikuwa tunaimba, na darasa la jirani linaitikia, hadi mwalimu mkuu wa wakati huo anakuja na mwavuli kuona kama kuna ibada. Sikuwaambia hawa watoto. Wangedhani ninataka waimbe.

Alhamisi, 8 Mei

Simu za mikebe ya mafuta ya kupikia na uzi. Uzi ukilegea, sauti haifiki. Ukikazwa, hata mnong'ono unafika. Walipiga kelele kiasi kwamba hakuna aliyehitaji simu.

Kuna msichana anaitwa Peres. Mama yake ni mpishi katika nyumba moja ya Kitisuru na hulala huko siku za wiki. Aliniuliza, "Ticha, uzi ikifika Kitisuru na ikazwe vizuri, mathe anaweza nisikia?" Nilimwambia akae, aache maswali ya kupoteza wakati.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua. Nusu ya darasa hawakuja.

Jumatano, 21 Mei

Mwanga. Jua lilitoka saa nne, nikawatoa nje mbio na visanduku vyetu vyenye tundu la sindano. Kila mtoto akaona mnara wa kanisa umesimama kichwa chini kwenye karatasi ya mafuta. Hakuna mtoto katika miaka thelathini na saba ambaye hakucheka alipoiona picha ile. Niliwaambia mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, haukati kona, kama mimi. Mwalimu Dan, kijana anayefundisha gredi ya saba, alikuwa anapita na kipakatalishi chake. Akasema ana video nzuri ya jambo hilo. Nikamwambia na mimi nina jua.

Alhamisi, 29 Mei

Hakuna jua. Nimeeleza vivuli bila vivuli.

Jumanne, 3 Juni

Kitonga, mume wangu, ameanza kufunga vitu kwenye maboksi ilhali tuna miezi miwili. Alistaafu kabla yangu, kazi ya ukarani pale mjini, na tangu hapo ana haraka na maisha ya watu wengine. Nilimkuta ameshafunga sufuria ya ugali. Tumekula mkate.

Jumanne, 10 Juni

Leo nina mengi.

Tumeanza joto. Kila mwaka ninafungua joto kwa jaribio la mshumaa, na kila mwaka ndilo watoto wangu hulikumbuka hadi wakiwa na ndevu. Unasimamisha kipande cha mshumaa kwenye sahani, unamimina maji uliyotia rangi ya bitiruti, unawasha, unafunika kwa glasi. Mshumaa unafifia, unazima, na maji mekundu yanapanda ndani ya glasi. Yanapanda hadi kwenye mstari niliouchora kwa rangi ya kucha mwaka wa 1991, sehemu moja kati ya tano za kimo cha glasi. Hapo nageuka na kusema: "Oksijeni ni sehemu moja ya tano ya hewa. Moto umeila, maji yamechukua nafasi yake." Huwa nanyamaza kidogo baada ya hapo. Wanapiga makofi wenyewe, bila kuambiwa.

Leo makofi yalianza, halafu Peres akainua mkono.

"Ticha, lakini mshumaa ikiwaka maji ilikaa tu. Imepanda ikizima."

"Na ikizima ina maana oksijeni imekwisha."

"Sawa. Lakini si ilikuwa inaisha polepole? Basi maji ingepanda polepole. Imengoja, halafu ikapanda mara moja."

Watoto wote waligeuka. Walikuwa wananiangalia mimi, hawamwangalii yeye. Nilimwambia aketi. Aliketi. Nikaendelea na somo, lakini mkono ulioshika chaki ulikuwa umelowa jasho na ni Juni, kila mtu amevaa sweta mbili.

Nimeketi hapa na kikombe cha chai na ninajua kilichonitoa jasho. Maneno hayo niliwahi kuyasikia zamani, karibu neno kwa neno, katika chumba hicho hicho. Ilikuwa 1995, darasa la sita. Msichana aliitwa Wangui, sisi tulimwita Kui, mtoto wa Mama Wangui anayeuza mboga karibu na njia ya kuingia sokoni. Alikuwa mwembamba, na soksi moja siku zote imeshuka. Alikuwa bora katika sayansi kuliko mtoto yeyote niliyemfundisha kabla yake, na nilikuwa nimemchagua aende mashindano ya sayansi ya wilaya. Alisimama akasema maji yamepanda mshumaa ulipozima. Nikamwambia aketi. Hakuketi. Akasema tena. Nilimtoa nje ya darasa, nikamfuta kwenye orodha ya mashindano, nikampeleka mvulana mmoja aliyejua kukariri.

Nilikuwa na miaka thelathini. Nilikuwa nawapenda watoto wale, Mungu anajua. Tulikuwa na darasa lisilo na vioo madirishani, na mchana kukiwa na jua la mwezi wa pili vumbi la chaki lilionekana likielea, nikawaonyesha njia ya mwanga kwa vumbi hilo tu. Nimeukumbuka mwaka ule kwa furaha miaka yote hii. Kui sikumweka ndani ya kumbukumbu hiyo.

Jumatano, 11 Juni

Peres amekuja na mishumaa mitatu mirefu ya harufu, mama yake aliruhusiwa kuichukua baada ya karamu kule Kitisuru. "Ticha, tuweke yote tatu chini ya glasi moja tuone." Nilimnyang'anya, nikamwambia si ya kuchezea. Alikunja uso, akarudi kwenye dawati lake.

Saa ya chakula nikajifungia stoo ya vifaa. Nikaikata mishumaa ile ya harufu vipande vitatu vifupi, nikaviwasha vyote, nikafunika.

Hewa iliyo ndani ya glasi ni ile ile. Oksijeni ni ile ile. Kama maneno yangu ni ya kweli, maji yangefika kwenye mstari mwekundu na kusimama. Mapovu yalitoka chini ya mdomo wa glasi, mishumaa ikazima mmoja baada ya mwingine, na maji yakapanda. Yakaupita mstari. Yakafika karibu nusu ya glasi.

Nilirudia mara tatu. Stoo ilinukia kama harusi.

Sasa niandike lile ambalo sitaki kuliandika. Miaka yote hii nimekuwa nikikata mshumaa kwa urefu mmoja, kidole kimoja na nusu. Ukiwa mrefu zaidi, maji yanapita mstari. Ukiwa mfupi, hayafiki. Nilijua. Kila asubuhi ya jaribio nilifika mapema nikajaribu vipande hadi nikapata kinachotii, halafu watoto wakaingia. Nilijiambia ni kujiandaa, kama mwalimu mzuri. Mkono wangu ulijua tangu 1991 kwamba mdomo wangu unasema uongo, na nikauacha mkono ufiche.

Alhamisi, 12 Juni

Nilimwendea Dan, ingawa niliona afadhali kula chaki. Nilitarajia acheke. Alisikiliza, akakuna kichwa.

"Madam, hata mimi nilifunzwa hivyo. Na mwezi jana nimefunza hivyo."

"Na ile video yako?"

"Inasema hivyo hivyo."

Tulibaki baada ya masomo. Tukawasha kipande kimoja, viwili, vinne. Dan aliinama hadi pua ikaribie sahani, suruali yake safi ikalowa bitiruti, hakujali. Yeye ndiye aliyesema kwanza kwamba mapovu ni hewa inayotoroka: moto unaipasha hewa joto, hewa inatanuka, nyingine inatoka. Moto ukizima, iliyobaki inapoa, inasinyaa, na hewa ya nje inasukuma maji yaingie ndani. Moto hauimalizi hata oksijeni yote, unazima mapema. "Ni joto, Madam. Ni joto tu." Tuliangaliana kama watu wawili waliokamatwa. Nilimdharau bure kijana huyu.

Ijumaa, 13 Juni

Nimewaambia Gredi ya Sita kwamba jaribio tutalirudia. Sikusema kwa nini. Peres alinitazama.

Jumatatu, 16 Juni

Baridi. Nimefundisha kwa nini sufuria ina mkono wa mbao. Akili yangu haikuwa hapo.

Alhamisi, 19 Juni

Kitonga anasema, "Mama Nzau, ni mshumaa tu. Watu wameiba benki na wanalala."

Nikamwambia si mshumaa. Nimewafundisha watoto zaidi ya elfu moja kwamba ukiona jambo kwa macho yako na mwalimu akasema vingine, macho yako ndiyo yanakosa. Mmoja alikataa, nami nikamwadhibu yeye. Siwezi kuipakia hiyo kwenye boksi niende nayo Makueni.

Akafungua boksi, akatoa sufuria ya ugali. "Basi mtafute," akasema. "Mficha uchi hazai."

Jumamosi, 21 Juni

Nimenunua kwa Mama Wangui sukuma nisiyoihitaji. Amezeeka, amenisalimia kwa heshima, "Mwalimu, ũhoro waku." Alidhani nataka kumwalika Kui kwenye sherehe ya kuniaga. Kui ana hoteli yake Hurlingham, nyuma ya maofisi ya barabara ya Argwings Kodhek. Mama yake aliniambia hayo kwa fahari kubwa, nami nikaona aibu kuichukua sukuma.

Jumamosi, 28 Juni

Shule zimefungwa kwa mapumziko mafupi. Nimeenda Hurlingham.

Ni mahali safi, meza kumi, ubao wa chakula umeandikwa kwa mwandiko ambao ningeutambua popote. Nilikaa nikingoja. Alitoka jikoni anajipangusa mikono, mama wa miaka arobaini na mbili, mnene kiasi, na akanijua kabla sijasimama.

"Mwalimu Mwongeli? Ni wewe kweli? Kaa huku, hapo kuna upepo."

Akaniletea chai ya tangawizi. Nilimwambia yote: Peres, mishumaa ya harufu, mstari wa rangi ya kucha, kidole kimoja na nusu. Alikuwa anapangusa meza ile ile muda wote. Nilipomaliza akauliza, "Unakumbuka uliniambia nini siku hiyo?"

"Nilikutoa darasani. Nikakufuta kwenye mashindano."

"Hiyo ni ile ndogo. Uliniambia, 'Msichana mbishi kama wewe ataishia jikoni.' Na darasa yote ikacheka."

Sikukumbuka. Naapa sikukumbuka, na hilo ndilo limeniuma kuliko yote, kwamba sentensi iliyokaa naye miaka thelathini mimi niliitoa mdomoni nikaisahau kabla ya kengele.

"Na ona, nimefika," akasema.

"Kazi hii huipendi?"

"Naipenda sana. Nimeandika watu sita. Jikoni napenda, Mwalimu. Lakini nilitaka kufika mwenyewe, si kutumwa."

Akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Siku hiyo nilienda nyumbani tukafanya na mama kwa meko, na glasi ya chai. Mara nne. Nilijua niko sawa. Unajua ni vibaya aje kwa mtoto kujua yuko sawa na hakuna mtu wa kumwambia? Toka hapo sikuwahi inua mkono. Hadi fomu foo."

Nikamwambia, "Kui, nisamehe."

Kulikuwa na mteja anataka maharagwe, akamhudumia, akarudi.

"Hapa tuko wawili tu, Mwalimu. Siku ile tulikuwa watu arobaini. Kama ni kuomba, omba pale pale."

Jumatano, 2 Julai

Baridi kali. Dirishani hakuna mlima, hakuna Nairobi, ni ukungu tu.

Jumanne, 8 Julai

Kamati ya kuniaga imekutana. Kutakuwa na blanketi, thamosi, keki, na hotuba za mwalimu mkuu na mwenyekiti wa wazazi. Wameniuliza ninataka nisifiwe kwa lipi. Dan akasema, "Jaribio lake la mshumaa. Kila mtu hulitaja." Halafu akatambua alichosema, akaanza kutafuta kalamu isiyopotea.

Nimeogopa. Niandike wazi: nimeogopa. Sherehe hiyo ndiyo kitu pekee nitakachopewa baada ya miaka thelathini na saba. Nilitaka wanisifu tu, nipunge mkono, niende. Nikisimama niseme nilifundisha uongo, ndicho watakachokumbuka, keki au hapana keki. Nisiposema, Kui atajua, na Peres atajua, na mimi.

Jumamosi, 12 Julai

Leo nimetimiza sitini. Nzau, mwanetu, amepiga simu. Kitonga amepika, nyama imeungua upande mmoja. Sikulala vizuri wiki hii na amenipikia bila kuuliza neno.

Jumanne, 15 Julai

Nimempigia Kui. "Tarehe thelathini na moja, saa nne," nikamwambia. Akasema ana shughuli nyingi, ataona.

Jumanne, 22 Julai

Nimemwita Peres baada ya somo. Nikamwambia kuhusu uzi wa Kitisuru: uzi ni mrefu mno, sauti ingefifia njiani, lakini lilikuwa swali zuri na nilikosea kulizima. Alifikiria. "Hata hivyo mathe hurudi Ijumaa," akasema, akaenda kucheza. Watoto hutusamehe haraka hadi tunajisahau.

Alhamisi, 31 Julai

Ninaandika jioni, Kitonga anapanga zawadi.

Shule nzima ilikaa uwanjani kwenye baridi, wadogo mbele. Mwalimu mkuu alinisifu. Mwenyekiti wa wazazi, niliyemfundisha, alisimulia jaribio la mshumaa na mstari mwekundu, wazazi wakapiga makofi. Nilitafuta uso wa Kui katika viti vyote, hakuwepo. Nikajiambia, basi, hakuja, una ruhusa ya kunyamaza. Nilikaribia kuikubali ruhusa hiyo. Nilikuwa nimeshashukuru kamati na wazazi, na ningeweza kuketi.

Nikaagiza meza. Dan alikuwa ameiandaa nyuma ya jukwaa bila kuambiwa, na sahani na glasi na boksi zima la mishumaa. Nikamwita Peres awashe.

Mshumaa mmoja kwanza, ule wa kidole kimoja na nusu. Maji yakafika kwenye mstari. Wazazi wakapiga makofi tena, nikawaacha wamalize. Halafu mitatu. Maji yakaupita mstari, na makofi hayakuja.

Niliwaambia. Nilisema jaribio hili nimelieleza vibaya tangu kabla ya baba na mama za baadhi yenu kuoana. Nilisema ni hewa inayopoa, nikaeleza polepole hadi wadogo wa mbele wakaelewa. Nikasema nilikuwa nakata mshumaa ili upate jibu nililolitaka. Mwenyekiti alikuwa anatazama viatu vyake. Nikasema mwaka wa 1995 msichana aitwaye Wangui aliona ukweli kwa macho yake, akausema mara mbili akiwa amesimama, nami nikamfukuza na kumtukana kwamba ataishia jikoni. "Yeye alikuwa sawa, mimi nilikuwa nimekosa," nikasema. "Ninaomba msamaha kwake, hata kama hayupo."

"Niko," mtu akasema.

Alikuwa amesimama kando ya lango na mama yake, hawajapata viti. Alikuja mbele kati ya watoto, akaitazama glasi, akainama akaitazama tena. Sikujua atasema nini. Akarudi hatua moja nyuma, na mwanamke huyo mwenye wafanyakazi sita akainua mkono na kungoja.

"Ndiyo, Kui," nikasema.

"Mwalimu, nina swali nimekaa nayo miaka mingi. Chapati ya jana ni ngumu. Ukiipasha inalainika vizuri. Lakini ikipoa tena, inakuwa ngumu kuliko ya kwanza. Joto ni ile ile. Mbona?"

Watu walicheka, kisha wakaona kwamba yeye hacheki, wakaacha. Nilitafuta kichwani. Nilipekua miaka yote thelathini na saba na sikupata kitu.

"Sijui," nikasema.

Neno hilo sikuwahi kulisema mbele ya watoto. Kui aliushusha mkono taratibu, macho yamejaa, akaitikia kwa kichwa mara mbili kama mtu aliyejibiwa. Na Peres, bado ameshika kiberiti, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Ticha, si tujaribu? Kila mtu alete chapati. Tutajaribu lini?"

Nilifungua mdomo niseme Jumatatu. Ndipo nikakumbuka kwamba mimi sina Jumatatu tena. Nililia pale mbele ya shule nzima, na sikuona haya.